Nyumba 9 haziwezi kuzaa madodoso 400: jibu kwa anayetafiti spika janja

"Shikamoo dokta. Nasoma masta hapa Dodoma, mada yangu ni matumizi ya spika janja majumbani, zile unazoongea nazo zikakujibu, na faragha ya data. Msimamizi wangu kasema nipige fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya washiriki, nipate watu 400 niwagawie dodoso. Nimezunguka Area D, Ilazo, Kisasa mpaka Njedengwa, nyumba zenye hizi spika nimezipata 9 tu. Nikiwauliza kama wanajali faragha karibu wote wanasema hawana shida. Baba mmoja kaniamini akanipa historia yote ya spika yake, rekodi karibu 2,000, ziko kwenye laptopu yangu, nimesikiliza kama 30 nikakuta sauti za watoto na dada wa kazi, nikaacha. Nizitumie? Na ni kweli hizi spika zinarekodi masaa 24? Nawezaje kulipima hilo bila hela nyingi?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na hizo rekodi 2,000 kwa sababu ndo zinazoweza kukuletea balaa wiki hii hii, ya Yamane yatasubiri. Usizitumie. Umefanya vizuri kuacha kusikiliza, sasa usifungue tena hata moja, usimrushie mwenzako WhatsApp ili "akusaidie kuandika", usinakili kwenye fleshi. Ila usikimbilie kufuta pia, nenda kwanza kwa msimamizi wako umweleze ulizipataje na umesikiliza ngapi, yeye akupeleke kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, wakisema futa unafuta kote kote pamoja na kwenye pipa la taka la kompyuta na kwenye hifadhi ya mtandaoni kama laptopu yako huwa inajinakili yenyewe, halafu unaandika tarehe. Na yule baba unamrudia unamwambia.

Najua utasema lakini mwenye nyumba kaniruhusu. Kakuruhusu kwa upande wake. Dada wa kazi hajakuruhusu, shangazi aliyekuja kusalimia akitokea Kondoa hajakuruhusu, na mtoto wa miaka 8 anayeiambia spika icheze katuni hawezi kukuruhusu peke yake, anatakiwa mzazi akubali na yeye mwenyewe aulizwe kwa lugha anayoielewa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za watoto imeziweka kundi la taarifa nyeti. Wanafunzi wengi wanadhani ile sheria ni ya mabenki na makampuni ya simu, wanasahau kwamba mwenye laptopu yenye sauti za familia ya watu naye ni mkusanyaji wa taarifa. Hebu jione kwa mbali: unatafiti kifaa kinachosikiliza watu bila wenyewe kujua vizuri kinabeba nini, halafu wewe mwenyewe umekaa geto na hedifoni unasikiliza nyumba ya watu. Mpaka hapo spika ni wewe.

Na usijidanganye kwamba ukitoa majina basi. Julai 2019 chombo cha habari cha VRT cha Ubelgiji kilipata rekodi zaidi ya 1,000 za Google kupitia mtu aliyekuwa kwenye kazi ya kuzisikiliza ili kuboresha mfumo, na ndani yake 153 hazikutakiwa kuwepo kabisa, hakuna aliyetamka neno la kuiamsha spika. Waandishi walisikia mpaka anuani za watu, wakawafuata baadhi yao wakawasikilizisha sauti zao wenyewe. Ubelgiji ina watu zaidi ya milioni 11. Wewe una nyumba 9 Dodoma, ukiandika tu "mshiriki wa tatu, mkurugenzi kwenye taasisi ya umma, anakaa Kisasa, ana watoto mapacha" nusu ya ofisi za serikali za Mtumba wanamjua kabla hawajafunua ukurasa wa pili.

Sasa hicho ulichokitaka kwenye zile rekodi unaweza kukipata bila kuzigusa. Kuna utafiti wa akina Nathan Malkin wa Marekani uliotoka 2019, walikuwa na wamiliki 116 wa spika za Amazon na Google, na hawakuwauliza maswali ya hewani. Walitengeneza kiprogramu kidogo kinachokaa kwenye kivinjari cha mshiriki mwenyewe, kinachomoa rekodi zake kwa bahati nasibu kinampigia asikilize, halafu anajibu maswali kuhusu rekodi hiyo: ulijua hii ipo? ikae muda gani? nani asiisikie? Karibu nusu ya watu hawakujua kwamba rekodi zao zimehifadhiwa bila kikomo cha muda na kwamba wanaweza kwenda kuzisikiliza, na robo tu ndo waliowahi kuzipitia. Huo ufundi wa kiprogramu huna na huuhitaji. Kaa kitini pembeni yake, yeye ashike simu yake mwenyewe, afungue historia kwenye app, wewe unamtajia namba ulizochomoa kwa kikokotoo, labda ya 14, ya 203, ya 671, anasikiliza kwa spika ya sikioni, wewe husikii kitu, unaandika majibu yake tu. Rekodi 10 kwa nyumba zinatosha sana. Kwa wenye Google utakuta mara nyingi kuna maandishi tu bila sauti, kwa sababu siku hizi hawahifadhi sauti mpaka mwenye akaunti akubali, sawa tu, asome hayo maandishi.

Halafu hapo ndo utaelewa kwa nini watu wako wanasema "hatuna shida". Kwenye utafiti huo huo wa Malkin washiriki waliona rekodi zao wenyewe za kawaida tu, lakini ilipofika za watoto na wageni wakawa wakali, na kutumia sauti zao kwa matangazo wakakataa katakata. Kwa hiyo "sina shida" haimaanishi hajali, inamaanisha umemuuliza kuhusu mtu asiye sahihi.

Na lingine, hilo neno lenyewe. Ukisimama sebuleni kwa mtu Ilazo ukamuuliza mama wa watu "je unajali faragha yako", nusu watacheka, maana mtaani faragha ni mambo ya chumbani, au ni kikao cha pembeni cha kusengenyana. Anayejibu "sina siri mimi" amejibu swali alilolisikia, siyo uliloliandika. Mwanafalsafa Helen Nissenbaum alieleza hili mwaka 2004 kwa namna ambayo kwangu mimi inaingia kabisa kwenye maisha yetu: taarifa haina ubaya wala uzuri peke yake, inategemea imetoka kwa nani ikaenda kwa nani katika mazingira gani. Daktari kujua una ujauzito ni sawa, mwenye nyumba wako kulijua hilo kabla ya mama mkwe siyo sawa. Kwa hiyo muulize kwa visa. "Spika imenasa umemfokea mtoto. Akisikia jirani? Mwalimu wake? Mwajiri wako? Mfanyakazi wa kampuni aliye nchi nyingine usiyemjua?" Utaona anavyobadilika uso kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na hiyo ndo data. Maswali yaandike kwa Kiswahili tangu mwanzo, usitafsiri dodoso la Wazungu halafu ukaweka "nakubali sana, nakubali, sina uhakika", hapa kwetu mgeni mwenye barua ya chuo anapewa "nakubali" kwa heshima tu ili amalize soda aondoke.

Kabla sijasahau, hakikisha hata hizo nyumba 9 ni 9 kweli. Ukiuliza "una spika janja?" atakayejibu ndiyo ni pamoja na mwenye sabufa ya Bluetooth aliyoinunua dukani yenye taa za rangi rangi, maana naye anaona ni janja, inashika simu bila waya. Uliza hivi: unaongea nayo ikakujibu? Inataka intaneti ili ifanye kazi? Akisema hapana zote mbili hiyo ni redio yenye heshima.

Tuje kwenye Yamane. Nimeifanya hesabu yako. Jiji la Dodoma kwenye sensa ya 2022 lilikuwa na watu 765,179. Zidisha kwa 0.0025 (ndo kosa la asilimia 5 likizidishwa kwa lenyewe) unapata kama 1,913, ongeza 1, wale 765,179 wagawanye kwa hiyo, inatoka 399.8. Ndo 400 yako. Lakini jaribu kuweka wakazi wa Tanzania nzima, bado itakuja 400, maana idadi ikishakuwa kubwa ile fomula inagota hapo hapo, ndo maana kila tasnifu unayoichukua kwenye rafu ina 400 au 399 au, kwa wale wa jedwali la Krejcie na Morgan lenye kazi hiyo hiyo, 384. Fomula haina kosa. Inadai vitu viwili ambavyo wewe huna: uwe na orodha ya watu unaowatafiti ili uwachomoe kwa bahati nasibu, na kundi lako liwe ni hao hao uliowaingiza kwenye hesabu. Kundi lako wewe siyo wakazi 765,179, ni wenye spika janja, na orodha yao haipo popote, siyo kata wala mtaa. Ukilazimisha utaishia kugawa dodoso 391 kwa watu wanaofikiria kuhusu kitu ambacho hawajawahi kukaa nacho chumba kimoja, na utapata jedwali zuri lisilo na maana.

Nyumba 9 siyo aibu lakini. Josephine Lau na wenzake kwenye utafiti wao wa 2018, ambao ukisoma fani hii huwezi kuukwepa, walikuwa na watumiaji 17, waliojaza dayari kwanza halafu wakahojiwa, na watu 17 wasiotumia. Hao wasiotumia ndo waliowapa nusu ya hadithi, wengine hawaamini kampuni kabisa, wengine hawaoni kazi yake. Na kuna akina Guest, Bunce na Johnson, 2006, waliohoji wanawake 60 Ghana na Nigeria wakataka kujua mambo mapya yanaisha kutokea lini, wakakuta mengi yalishatoka ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Sasa wewe chukua nyumba 9, kila nyumba hoji watu watatu, aliyeinunua, anayeitumia sana, na anayeishi nayo tu bila kuchagua. Hao ni 27. Ongeza 10 walioikataa au walioinunua ikaishia kabatini. Hiyo ni masta kamili. Wengine wa kuongezea utawapata kwa kuelekezwa na hao hao, vitabu vinaita mbinu ya mpira wa theluji, hapa Dodoma theluji tutaitoa wapi, we sema kwa kupelekana.

Huyo wa tatu, anayeishi nayo bila kuchagua, usimruke hata kwa bahati mbaya. Alexa, ile sauti ya spika za Amazon inayoamka ukiiita jina hilo, haijui Kiswahili. Kwa hiyo kwenye nyumba nyingi zetu anayeongea nayo ni mtoto wa ingilishi midiamu, baba anaongea nayo akiwa na wageni, na bibi pamoja na dada wa kazi hawaongei nayo kabisa ila wanasikika siku nzima. Sijaona mtu aliyeliandika hili vizuri kwa nyumba za Kitanzania, na ungeacha kila kitu ukashika hili peke yake ningekusifu. Dada wa kazi mhoji mbali na bosi wake, nje ya sebule, na mwambie wazi kwamba hataulizwa alichosema. Akikataa, amekataa, usimtume bosi akamshawishi.

Nikupe mfano wa kwa nini lazima uende mwenyewe na macho yako. Niliwahi kuingia nyumba moja Area D, spika iko juu ya stendi ya tivii, imefunikwa kitambaa cha kufuma cheupe, kile chenye pembe zinazoning'inia. Nikamuuliza mama, akasema vumbi, na kweli Agosti ile upepo ulikuwa unaleta nusu ya barabara ndani. Ila kitambaa kilikuwa kimeziba taa. Hizi spika zikiamka zinawasha taa, ndo njia kuu ya mtu aliyekaa kwenye kochi kujua sasa hivi inatuma sauti, na pale hakuna mtu aliyekuwa ameiona hiyo taa kwa miezi. Kwenye dodoso wangejaza "naamini kifaa kinanijulisha kinaporekodi: nakubali". Chora ramani ya sebule, spika iko wapi, nani anakaa wapi, imefunikwa na nini.

Haya, masaa 24. Watu wanachanganya kusikiliza na kutuma. Ndani ya spika kuna kisehemu kinachosikiliza muda wote kikitafuta neno moja tu, na sekunde chache zilizopita zinakaa kwenye kumbukumbu ndogo inayojifuta na kuandikwa upya, haziendi popote. Ikidhani imesikia neno lake ndo inawasha taa na kuanza kupeleka sauti kwenye seva za kampuni. Shida iko kwenye "ikidhani". Watafiti wa Northeastern ya Marekani na Imperial College ya London, kwenye kazi yao ya 2020, walizipigia spika masaa 134 ya tamthilia za kwenye tivii. Hawakupata ushahidi wa kurekodi muda wote, ila waliona zinaamka kimakosa, zilizokosea sana zilikaribia mara moja kwa saa. Kwa hiyo anayekuambia inarekodi masaa 24 anazidisha, na anayekuambia inaamka ukiiita tu naye anakudanganya.

Kulipima hili ndo sehemu nitakayokuonea wivu, kwa sababu ni rahisi na hapa kwetu lina utamu wake. Azima spika moja, usitumie ya nyumba ya mtu. Iunganishe kwenye intaneti kupitia laptopu yako, laptopu igeuke rauta, na uwashe Wireshark, programu ya bure ya kuangalia data zinazopita kwenye mtandao. Hutasoma kinachotumwa maana kimesimbwa, yaani kimefichwa kwa msimbo, lakini utaona kimetoka saa ngapi na ukubwa gani, ikiamka mstari unapanda ghafla. Weka na simu ya zamani iirekodi video ile taa, na mwisho wa kila siku fungua historia kwenye app. Vitu vitatu, mtandao, taa, historia, vikikubaliana hiyo ni mara moja imeamka. Kisha ipigie Kiswahili: vikao vya Bunge, ambavyo ukikaa Dodoma hutavikosa, mtangazaji wa mpira, bongo muvi, tena kila kipande kirudie mara kadhaa kwa sauti ile ile na umbali ule ule maana mara moja haitoshi. Na weka sentensi za kawaida za nyumbani. Akina Alex tunao kila mtaa, sasa msikie mama anavyoita: "Alex, acha!" Itamke haraka. Umesikia? Sijui kama itaamka, kaipime, na mpime "Alex, amka" na "Alex aje", kwa sauti ya mwanaume, ya mwanamke na ya mtoto aliyeruhusiwa. Umeme ukikatika andika muda na uanze upya kipande hicho.

Njia nyingine zipo na nakuambia wazi siyo za kwako. Kuna waliochukua kumbukumbu za amri zote, Bentley na wenzake 2018 walikuwa na amri 65,499 za nyumba 88 kwa wastani wa siku 110, ni nzuri kujua watu wanaitumia kwa nini na saa ngapi, ila haikuambii mtu anajisikiaje, na umeshaona yenyewe inavyokuja na sauti za watu wengine. Kuna kununua spika ugawie nyumba kwa mwezi mmoja: ghali, wiki za mwanzo kila mtu anaichezea kwa ugeni wake, na masikio hayo nyumbani kwa watu utakuwa umeyapeleka wewe. Msimamizi akishikilia takwimu lazima, mwambie upanue mada iwe kuongea na simu janja, hapo wahusika wapo wa kutosha na dodoso lina kazi, ila hiyo ni tasnifu nyingine, umkubalie kwa kujua hivyo. Usiende kubishana naye kwamba Yamane ni mbaya. Nenda na karatasi yenye ile hesabu, jina la Lau, jina la Guest, na orodha ya nyumba zako 9 kwa namba bila majina, umwombe ushauri. Wasimamizi wengi wanasema 400 kwa mazoea tu, ukimletea njia iliyonyooka anakubali.

Barua unazijua: ya chuo, iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa, usianze kabla. Mtaalamu wa takwimu wa chuoni muone ana kwa ana kabla hujaanza lile jaribio la spika, siyo baada, ukienda baada atakuambia tu ulivyokosea. Ukiwa na wasiwasi na sheria, uliza Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, usiniulize mimi mtandaoni. Na kama kwenye zile 30 ulizosikiliza kuna mtoto anapigwa au dada anatishwa, au ukija kulisikia hilo kwenye mahojiano, usiligeuze nukuu ya sura ya nne ya tasnifu. Mwambie msimamizi siku hiyo hiyo na mwende pamoja kwa afisa ustawi wa jamii, na kwenye fomu ya ridhaa andika tangu mwanzo kwamba jambo la hivyo huwezi kulinyamazia.

Ukifika nyumba ya kwanza kuanza mahojiano, kabla hujatoa kalamu, omba wachomoe waya wa spika ukutani. Kitufe cha kuzima maikrofoni kipo ila kwenye mahojiano kama haya mimi naamini waya. Andika pia nani aliinuka kwenda kuuchomoa.